Bujora: Vitu vya Wazee Wetu na Imani Yetu



Wapendwa waamini, nanyi wasomaji wetu mnaotufuata kila juma kutoka karibu na mbali, juma hili hatutafafanua masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tunapenda kuwasimulia habari za mahali tulipotembelea pamoja na waamini wa parokia baada ya mavuno, yaani Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, pamoja na historia ya mahali hapo. Historia hiyo inagusa swali ambalo familia nyingi za hapa Bariadi hutuletea, nalo si swali la kujibiwa kwa sentensi moja mlangoni pa sakristia: mzee akishafariki, na akaacha ngoma, kiti cha kuchonga, bangili na vibuyu, mkristo avifanyeje?

Tulitoka Bariadi kabla ya mapambazuko, makatekista, akina mama wa WAWATA na vijana, tukashika njia ya Nyakabindi na Dutwa hadi Lamadi. Tuliyaacha mapori ya Serengeti upande wa kulia, tukafuata barabara iendayo Mwanza kupitia Nassa, tukavuka Mto Simiyu ulioupa mkoa wetu jina, tukapita Magu na kufika Kisesa, ambako njia ya Bujora huchepuka. Katika msafara wetu karibu wote ni Wasukuma, na kati ya hao wachache mno walikuwa wamewahi kufika pale. Wageni kutoka Ulaya huvuka bahari kuja kutazama kinu na mchi. Sisi ambao kinu na mchi ni vyetu, tulihitaji tangazo la Halmashauri ya Walei litolewe mara tatu ndipo basi lijae.

Bujora ni mahali penye mawe makubwa, kama zilivyo sehemu nyingi za Usukuma wa kando ya ziwa. Palifanywa hivi palivyo na padre mmoja wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwajua zaidi kwa jina la Mapadre Weupe. Huyo ni Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, na mpaka leo ukitaja Fumbuka pale Kisesa utaeleweka upesi kuliko ukitaja Clement. Mwaka 1958 alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kisukuma, na ndani yake ishara za utemi zikatumika kumtukuza Kristo Mfalme. Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, makumbusho yakafunguliwa kandokando ya kanisa hilo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mapadre Weupe walifika kwenye ziwa kati ya mwaka 1878 na 1879, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mkatekumeni wa Kisukuma alitakiwa kuziacha ngoma, matambiko na vyote vilivyoambatana navyo. Tusiwahukumu haraka wamisionari wale. Ngoma za Usukuma hazikuwa mchezo mtupu. Vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, vilipata majina yao kutoka kwa Ngika na Gumha, wachezaji mashuhuri wa karne ya 19 ambao walikuwa pia mabingwa wa dawa, na ushindani wao ulikuwa wa dawa sawasawa na ulivyokuwa wa miguu. Ngoma mbili zilichezwa kwa wakati mmoja zikikabiliana, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi; kila upande ukaamini kwamba watu huvutwa na dawa ya manju wao. Nani asiyemjua Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936, ambaye husimuliwa kwamba alinyoosha kidole na miti ikakauka? Padre aliyetoka Ulaya, asiyejua lugha vizuri, angewezaje kutenganisha wimbo na hirizi? Aliona ni salama zaidi kuvikataza vyote kwa pamoja.

Fumbuka alifuata njia nyingine. Alijifunza Kisukuma, akakaa na wazee, akakusanya nyimbo na simulizi, na wazee wakasaidia kutafuta maneno na tuni zitakazofaa katika ibada. Kumbukeni kwamba hayo yalikuwa yakitendeka katika miaka ya 1950, wakati Misa bado ikiadhimishwa kwa Kilatini. Hati ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia ilitolewa Desemba 1963, na Papa Paulo wa Sita alipowaambia Waafrika kule Kampala kwamba wanaweza kuwa na Ukristo wenye sura ya Kiafrika ulikuwa mwaka 1969. Neno utamadunisho, ambalo siku hizi halikosekani katika semina zetu, lilikuwa halijaingia vinywani mwa watu. Kwetu huku, upande wa Maswa na Bariadi, kazi ya uinjilishaji wakati huo ilikuwa mikononi mwa Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, na mwaka 1956 likaundwa Jimbo la Shinyanga. Kilichofanyika Bujora kilitufikia polepole, kwa nyimbo zaidi kuliko kwa maandishi.

Matunda yanayojulikana zaidi ya kazi yake ni sikukuu ya Bulabo. Bulabo kwa Kisukuma ni maua, na jina hilo linatokana na maandamano ya Ekaristi katika Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambapo watoto hutupa maua mbele ya Sakramenti Takatifu. Sikukuu hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, na kila mkulima wa pamba na mtama anajua maana ya Juni katika Usukuma: mavuno yameingia au yanaingia, na huo tangu zamani ndio msimu wa ngoma kushindana. Fumbuka hakubuni msimu mpya. Aliuona ule uliokuwapo, akauweka Mwili wa Kristo katikati yake, kisha akawaacha Bagika na Bagalu wacheze baada ya maandamano. Tunaiona hekima hiyo kuwa kubwa kuliko jengo lolote alilolisimamisha.

Sasa tuingie ndani.

Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, hivyo mgeni huingia ndani ya kiti kabla ya kuviona viti. Humo mna ngoma za watemi, viti vyao na alama nyingine za mamlaka. Vijana wetu walitaka kujua mara moja ngoma ipi ni kubwa kuliko zote, na walipoonyeshwa walipiga picha nyingi sana. Lakini mzee mmoja katekista aliwanyamazisha, akawaeleza kwamba kwa Wasukuma ng'oma ni utemi wenyewe. Mtu hakusema tu kwamba mtemi ana ngoma, bali alisema fulani ameshika ngoma, na wazee wa baraza waliomchagua mtemi waliitwa banang'oma. Utemi wa kale haukumwendea mtoto wa mtemi, bali ulipitia upande wa kike, ukamwendea mtoto wa dada yake. Na mtemi alipimwa kwa mvua. Mvua isiponyesha, hakuna hotuba iliyomwokoa, na wapo watemi waliopoteza ngoma zao kwa sababu ya ukame. Kwa mwananchi wa Meatu au Itilima, ambako wingu likipita bila kudondosha tone watu husimama nje wakiangalia, jambo hilo halihitaji ufafanuzi.

Tunapenda hapa kuongeza neno ambalo mwongozaji wetu hakulisema. Watemi hawakuwa wote baba wema wa watu, na hasa si katika miaka ile ambayo Fumbuka alikuwa akianza kazi. Mwaka 1946 Waingereza waliwaunganisha watemi wa Usukuma, zaidi ya hamsini, katika shirikisho lenye makao Malya, na kupitia wao zikaja amri za kupunguza mifugo, za matuta mashambani na za kodi. Wakulima walinung'unika. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliizuia kufanya kazi hapa Usukuma, na zuio hilo likadumu hadi mwaka 1958, mwaka uleule kanisa la mviringo lilipojengwa. Kwa hiyo kijana wa siku zile aliyeingia kanisani na kuona alama za utemi zikimzunguka Kristo, huenda moyoni alijiuliza ni utemi upi unaosifiwa. Sisi tunaamini swali lake lilikuwa la haki. Kristo ni Mfalme aliyewaosha wafuasi wake miguu. Ishara ya utemi ikiwekwa mbele zake, ni ishara hiyo inayopaswa kubadilika maana, wala si Yeye.

Kisha mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utemi. Ngoma zilizokuwa na ulinzi wa sheria na wa hofu zikawa ghafla magogo yenye ngozi. Nyingine zilifichwa, nyingine zililiwa na mchwa, nyingine ziliuzwa. Ukaja mwaka 1974 na Operesheni Vijiji, ambapo kaya za Usukuma zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na boma lake na makaburi yake, zilihamishiwa vijijini kwa haraka, mara nyingine kwa siku chache tu. Katika haraka hiyo mtu hubeba mtoto, chungu na godoro. Hakumbuki kibanda cha mizimu nyuma ya nyumba. Ukijumlisha katazo la dini, kufutwa kwa utemi na kuhamishwa kwa vijiji, utaelewa kwa nini katika nyumba nyingi za Bariadi hakuna hata kijiko cha mti cha babu. Vilivyosalimika vilisalimika kwa sehemu kwa sababu padre mmoja alikuwa amevitengenezea paa.

Katika sehemu ya uhunzi tulikaa kwa muda mfupi zaidi, ingawa akina baba walivutiwa na mivukuto. Itoshe kusema kwamba jembe la chuma lilikuwa zamani sehemu ya mahari, na kwamba majembe mengi yaliyotumika Usukuma yalifuliwa na Walongo, mafundi wa chuma wa upande wa Geita, hadi majembe ya viwandani yalipokuja kwa meli na kuizima mioto yao. Leo anayecheza bugobogobo na kurusha jembe hewani, kulizungusha na kulidaka bila kupotea mdundo, anacheza na chombo ambacho mjomba wa babu yake angekitolea ng'ombe.

Kitu kilichotugusa kuliko vyote hakikuwa cha chuma wala cha mti. Ni ubao ulioandikwa hesabu ya moja hadi kumi. Zamani kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia, yasiyofanana na ya rika jingine. Vijana wetu walisoma wakacheka, kwa kuwa kwao yalikuwa maneno ya ajabu. Bibi mmoja wa WAWATA, ambaye hasomi, aliomba asomewe. Msomaji alipofika katika safu ya wasichana, bibi akamkatiza na kumalizia mwenyewe hadi kumi, kwa haraka ileile ambayo mtu hutumia kusali Salamu Maria. Alisema alihesabu hivyo akiwa binti, wakipanga nani atwange kwanza, na kwamba wenzake wote aliohesabu nao wameshatangulia mbele za haki. Hapo kicheko kikakoma. Tulitambua kwamba ubao ule hauhifadhi kitu kilichokufa karne ya 19, bali kitu ambacho hapa kwetu kimebaki katika kinywa cha mama mmoja anayekaa safu ya tatu kanisani kila Dominika.

Ikafuata nyumba ya mganga, na baadhi ya waamini wetu walisita mlangoni. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Tuliwaambia waingie, kwa maana kutazama si kuabudu. Mtakatifu Paulo alipofika Athene, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 17, aliuzunguka mji akazitazama kwa makini sehemu za ibada za wenyeji, na akapata hapo mlango wa kuanzia mahubiri yake. Hakuupata mlango huo kwa kufumba macho.

Lakini hatukutaka pia watoke wakidhani kwamba yote yaliyomo ndani ya nyumba ile ni sawa. Mganga wa jadi alijua mizizi na majani yaliyotibu, na maarifa hayo ni zawadi ya Mungu, ambaye Wasukuma walimwita Liwelelo na Seba kabla ya kumjua kwa Injili. Mganga huyohuyo alisoma pia matumbo ya kuku na kutaja aliyeleta ugonjwa. Ugonjwa ukishakuwa na mtu wa kulaumiwa, panga haliko mbali. Ninyi nyote mnafahamu yaliyotokea katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa: bibi vizee waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wakati wekundu huo uliletwa na moshi wa kupikia miaka sitini, na ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa kama wanyama, hata serikali ikalazimika mwezi Januari 2015 kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Tunasikia mara kwa mara msemo kwamba mwacha mila ni mtumwa. Yule aliyeiacha mila ya kwenda kuuliza ni bibi gani amemroga mtoto wake, tungependa kujua, amekuwa mtumwa wa nani?

Hapa tunarudi kwenye swali letu la mwanzo. Miezi michache kabla ya safari, familia moja ya kigango chetu ilitujia baada ya kumzika baba yao. Marehemu, aliyebatizwa uzeeni, aliacha kiti cha miguu mitatu, ngoma ndogo, bangili za shaba na kibuyu kilichofungwa mdomo kwa ngozi. Kaka mkubwa, mkristo mwenye bidii, alitaka vyote vichomwe siku hiyohiyo. Mdogo wake alikuwa amepata mnunuzi aliyefika kwa pikipiki na fedha taslimu, asiyetaja anakovipeleka. Dada yao hakutaka vichomwe wala viuzwe, ila hakujua aseme nini. Kila mmoja alitegemea kwamba padre angemuunga mkono.

Kaka alikuwa na Maandiko upande wake. Waamini wa Efeso, katika sura ya 19 ya Matendo, walivileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma hadharani, wala thamani yake haikuwa ndogo. Mfalme Hezekia aliivunja ile nyoka ya shaba, ingawa Musa mwenyewe ndiye aliyeitengeneza, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Lakini tazameni vema kilichochomwa na kilichovunjwa. Waefeso walichoma vitabu walivyovitumia wenyewe, kwa hiari yao, kama tendo la toba. Hakuna aliyekwenda kuchoma vya jirani. Na nyoka ya shaba ilidumu karne nyingi katika Israeli bila kuguswa, hadi siku ilipopewa ibada isiyo yake. Papa Gregori Mkuu, mwaka 601, alipowaandikia wamisionari waliokuwa Uingereza, alitaka sanamu ziharibiwe lakini mahekalu yenyewe yasibomolewe, bali yanyunyiziwe maji ya baraka na kutumika. Kanisa limekuwa likijifunza kutofautisha kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Hata mdogo mtu alikuwa na historia upande wake, ingawa hakuijua. Vitu vya Afrika vimekuwa vikiondoka kwa fedha na bila fedha. Maelfu ya vitu vya Tanzania viko Berlin, na mwaka 2024 yalifunguliwa huko, katika jumba la Humboldt Forum, maonyesho ya historia ya nchi yetu yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa. Nasi katika Kanisa hatuna sababu ya kunyoosha kidole tu. Mwaka 1925 Papa Pius wa XI aliandaa Roma maonyesho makubwa ya kimisionari, na kutoka misheni za ulimwengu mzima vikapelekwa vitu takribani 100,000. Vipatavyo 40,000 vilibaki na kuwa msingi wa makumbusho ya kimisionari ambayo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Vatikano. Vilikwenda kama zawadi, lakini zawadi ya mtu aliyetawaliwa ina maswali yake. Mwezi Novemba 2025 Papa Leo wa XIV aliwakabidhi maaskofu wa Kanada vitu 62 vilivyohusiana na maonyesho yale, ili virudi kwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyomzaa Fumbuka. Yeye, aliyekuwa na meli na masanduku kama wengine, aliviacha vitu vya Wasukuma juu ya mawe ya Wasukuma, mahali ambapo bibi wa Ntuzu anaweza kufika kwa basi na kurudi jioni.

Tuliwaomba ndugu wale watatu wasubiri, na wawili kati yao walikuwamo katika safari yetu. Katika banda la watemi kaka alisimama kwa muda mrefu mbele ya kiti kilichofanana na cha baba yake, kidogo tu kuliko cha watemi. Hatukumhubiria. Njiani kurudi, karibu na Nassa, alituambia kwamba kiti kitawekwa sebuleni na wageni watakikalia, kwa maana baba yao alikikalia tu, hakukitambikia. Bangili amechukua dada. Ngoma wamekubaliana itolewe kwa kwaya ya kigango, na kwa kweli imeshapigwa katika nyimbo za matoleo Dominika mbili zilizopita. Ina sauti nzuri kuliko ile tuliyonunua Mwanza. Kuhusu kibuyu hawajaafikiana. Kaka anasema kilikuwa cha dawa za kinga za boma na hakitalala ndani ya nyumba yake; mdogo anasema ni kibuyu tu. Sisi tumeelekea upande wa kaka, kwa sababu anayejua kitu kilitumikaje ndiye anayejua kinavyomfunga, ila tumependekeza kwamba kabla ya lolote kifunguliwe mbele ya wote watatu, ili kisibaki na hofu ambayo hakuna aliyeiona. Bado tunangoja jibu lao.

Hatuwezi kuyasifu makumbusho bila kusema pia kile ambacho makumbusho hayawezi. Kitu kikiwekwa rafuni huokoka na mchwa, lakini hunyamaza. Ngoma ya mtemi isiyopigwa haina tofauti kubwa na picha ya ngoma. Vyama vya Banunguli, waliowinda nungunungu walioharibu mashamba, na Bayeye, waliowajua nyoka na dawa ya sumu yake, vinaonyeshwa pale kwa vifaa vyao, ila kijana wa leo ataelewaje ujuzi wa kumfuata nungunungu shimoni kwa kutazama mkuki ukutani? Ndiyo maana tunaamini Bulabo ina thamani kuliko mabanda yote, kwa kuwa pale vitu vinatembea. Tena, Usukuma ni mpana. Kisukuma cha mashariki, cha upande wetu wa Kiiya, si sawasawa na kile cha Mwanza, na tulipouliza kuhusu vitu vya Ntuzu, Kanadi na Itilima tuliona kwamba vilivyoelezwa ni vichache. Hatulaumu mtu kwa hilo. Fumbuka alikusanya alipofika, na hakuna sheria iliyowazuia watu wa Bariadi kukusanya vya kwao.

Basi, pamoja na Halmashauri ya Walei tumeamua yafuatayo, na tunayatangaza hapa kama yalivyotangazwa kanisani. Katibu wa parokia amefungua daftari. Kila jumuiya ndogo ndogo inaombwa kuwatembelea wazee wake waliovuka miaka sabini na kuandika majina ya vitu, matumizi yake na nyimbo zilizoambatana navyo, kwa Kisukuma kwanza na kwa Kiswahili baadaye. Vitu vyenyewe vibaki nyumbani kwa wenyewe; parokia haipokei kitu wala hainunui. Vijana wawili wenye simu za kurekodi wamepewa kazi ya kuanza na yule bibi wa hesabu, Jumamosi hii, na ameshawaambia wasije kabla hajamaliza kuchambua mahindi. Hesabu ya wavulana anasema haijui, kwa sababu wasichana walikatazwa kuisikiliza, na anaomba kama yupo mzee wa kiume anayeikumbuka, ajitokeze kwa katekista wa kigango chake.